UTI ya nne tangu nitolewe kizazi, naombeni ushauri

Mama Shwari: Habari zenu wakuu. Miezi 7 iliyopita nilitolewa kizazi. Tangu hapo hii ni UTI ya nne. Mkojo unachoma, na chini nasikia uzito kama nimekalia mpira. Nitajieni tu dawa kali. Kwa daktari sirudi.

Kobe Mzee: Kunywa maji mengi dada, utapona.

Bi Hukumu: Siku hizi mnakimbilia visu. Mama yangu alizaa tisa na kazikwa na kizazi chake.

Jicho Kavu: Pole dada. Walirekebisha kingine chochote siku hiyo? Na mkojo uliwahi kuoteshwa maabara wajue ni bakteria gani, au walichovya kijiti tu?

Mama Shwari: Kijiti, mara ya kwanza. Hizo nyingine nimejitibu, dalili zangu nazijua.

Kobe Mzee: Mimi nilipofanyiwa tezi dume nilikaa na mpira wa mkojo siku 10. Nesi akasema kohoa, nikakohoa, akavuta. Niliona nyota mchana kweupe.

Jicho Kavu: Mtoa mada, swali la kwanza umeliruka.

Mama Shwari: Haya. Kizazi kilishuka, na kibofu pia. Wakaweka na kautepe chini ya njia ya mkojo, maana nilikuwa navujisha nikicheka. Niliambiwa nirudi wiki ya 6, sikurudi. Ila utepe hauhusiki, sasa sivujishi hata tone.

Jicho Kavu: Ndipo penyewe hapo! Utepe ukikaza sana mkojo hauishi kibofuni, na mkojo unaolala ndani bakteria wanaufurahia. Ukimaliza, ukasimama, ukakaa tena, unatoka mwingine?

Mama Shwari: Unatoka. Huwa nainama mpaka kifua kiguse magoti. Nilidhani ndiyo kupona kwenyewe.

Kauzu: Wakuu hii ni chai. Mwezi uliopita akaunti hii hii ililia ndevu hazioti. Leo imetolewa kizazi?

Bi Hukumu: Nilijua tu!

Mama Shwari: Simu ni moja, akaunti ya mume wangu. Ndevu zake, kibofu changu. Na asubuhi nimeshameza viwili vilivyobaki dozi iliyopita, kwa hiyo msiniambie nisubiri kipimo.

Jicho Kavu: Chai au si chai, kuna atakayesoma hapa na lake. UTI 2 ndani ya miezi 6 tayari ni za kujirudia. Mkojo uoteshwe, na uwaambie ulichomeza. Upigwe ultrasaundi ukishakojoa, waone unaobaki. Wakiona haja waingize kamera, kuna utepe hutoboa hadi kibofuni na mawe hujijenga juu yake. Huo uzito nao wauangalie, huenda kuna kilichoshuka tena. Homa, kutetemeka au maumivu ya ubavu, nenda siku hiyo hiyo.

Mama Shwari: Daktari atanigombeza. Mgongo wa kulia chini ya mbavu unauma tangu jana, lakini nililala vibaya. Kabaridi ka usiku ni kawaida.

Jicho Kavu: Dada, hiyo inaweza kuwa imefika kwenye figo. Weka simu chini uende sasa hivi.

Kauzu: Nafuta langu. Nenda.

Mama Shwari: Namwamsha mwenye simu anipeleke.

Kobe Mzee: Akiamka muulize, ndevu zimeota?