Naomba ushauri: ng'ombe wa maziwa anahema sana mchana

Wandugu wafugaji, jambo zenu. Niko Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi, nafuga ng'ombe wanne wa Friesian. Huu mwezi wa kumi, mvua bado haijaanza, jua linachoma kwelikweli.

Anayenisumbua ni yule mwenye maziwa mengi. Ikifika saa saba mchana anasimama tu, hataki kulala, kinywa wazi, mate yanachuruzika, ubavu unapiga harakaharaka. Nikihesabu pumzi zinapita 80 kwa dakika. Majani anayanusa na kuyaacha. Maziwa yameshuka, na mama anayenunua ya kugandisha analalamika kwamba hata mafuta yamepungua (huyo hanyamazi kitu). Daktari wa mifugo alimpima, hakuona ugonjwa. Anasema ni joto.

Chakula kingi sasa nampa jioni, maana tumbo likisaga chakula nalo linatoa joto. Maji yapo muda wote, kivulini.

Shida ni banda. Mabati ya paa yako chini mno, ukiingia mchana unatoka jasho. Niyainue, au nyasi nene juu yake zinatosha? Kumwagia maji mgongoni nako nasita: pasipo upepo si unyevu utazidi tu bandani? Feni siitegemei, umeme unakatika.

Halafu joto la uzazi (dalili za kutaka dume) halionekani vizuri siku hizi, na amepandishwa mara mbili bila kushika. Nimpandishe tena sasa, au ningoje mvua ipooze hewa? Waliopitia haya, tafadhali.