Naomba ushauri: duka liliporwa Juni 25, bima wamekataa kulipa
Wadau, habari zenu. Nauza simu kwenye kiduka barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Juni 25, 2025, siku ya maandamano ya kuwakumbuka vijana waliouawa 2024 wakipinga Mswada wa Fedha, wahuni walivunja mlango wakazoa kila kitu. Waandamanaji wenyewe siwalaumu; hata mwanangu alikuwa barabarani. Sasa kampuni ya bima inasema nimekatia moto na wizi wa kawaida tu, eti fujo za kisiasa zina malipo ya ziada. Ajenti hakuwahi kunitajia hilo! Je, nipeleke malalamiko IRA (mamlaka inayosimamia kampuni za bima Kenya) kwanza au nitafute wakili? Na nyinyi wenye maduka katikati ya jiji, hiyo nyongeza mnalipa kiasi gani?