Naomba ushauri: mama ana Alzheimer's, kila jioni anataka "kurudi kwao"

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Naishi Tanga na mama yangu, ana miaka 74. Daktari alishathibitisha ni Alzheimer's, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, na anatumia dawa yake, donepezil, kila usiku. Mchana tunaelewana vizuri tu: anachambua mchicha, anaimba kaswida zake, na jina langu mara nyingi analikumbuka. Shida ni jua likianza kuzama. Anafunga kanga zake furushi, anasimama mlangoni, anasema anakwenda kwao Pangani, mama yake anamsubiri. Bibi alishafariki zamani. Nikimwambia hivyo analia kama msiba umetokea leo, kwa hiyo nimeacha kumwambia.

Nawasha taa mapema kabla giza halijaingia, simwachi alale sana mchana, na chai ya majani hanywi tena baada ya adhuhuri. Kumzungusha nje kidogo kisha kurudi naye ndani kunasaidia siku nyingine. Ndugu wanasema nimfungie kwa kufuli, lakini roho yangu inakataa kabisa; moto ukitokea je? Wapo pia wanaosema karogwa. Hao siwajibu, huu ni ugonjwa wa ubongo.

Ninyi mnaouguza wazazi wenye hali hii, akitaja marehemu kama yu hai mnamjibu nini ili atulie bila kumdanganya? Na ndugu walio mbali mmewashirikishaje ili nanyi mpate usiku wa kulala? Nampenda sana mama, ila nimechoka.