Dada wa kazi aombe nyongeza ya mshahara wakati gani?

Mama Wawili (Segerea)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu nyumbani kwangu limeshaanza kuleta ukimya mezani. Dada anayetusaidia kazi amekaa nasi tangu mtoto wa kwanza hajajua kutambaa. Tulipatana shilingi 80,000 kwa mwezi, na sijawahi kumcheleweshea. Sasa nimejifungua mtoto wa pili, likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inaisha Ijumaa, na Jumatatu saa mbili asubuhi natakiwa niwe kazini Posta. Jana usiku, watoto walipokwisha kulala, dada alikuja sebuleni, akaketi, akaniambia kwa heshima zote kwamba kuanzia mwezi huu anaomba 130,000. Sibishi kwamba kazi imeongezeka. Ninachouliza ni wakati: mfanyakazi wa ndani anapaswa kuomba nyongeza lini, na je, kuiomba siku chache kabla mwajiri hajarudi kazini, wakati hana hata nafasi ya kutafuta mtu mwingine, ni haki yake au ni kunivizia?

Mzee wa Temboni

Binti yangu, amekuvizia, na usione haya kulisema. Mtu mwenye nia njema huomba nyongeza mwaka unapogeuka, akisharudi kutoka kula Krismasi kwao, wakati ambapo pande zote mbili zina nafasi ya kutafakari na hata ya kuachana kwa amani. Huyu amengoja mpaka umebanwa pande zote ndipo akafungua mdomo. Tena watu wanapoitaja hiyo 80,000 husahau kwamba dada anakula kwako, analala kwako, anaoga kwa maji unayoyalipia wewe, sabuni na mafuta ya kujipaka ni vyako, na luku ikiisha usiku si yeye anayehangaika na simu. Ukivijumlisha vyote hivyo, huenda kinachobaki mkononi mwake mwisho wa mwezi kinazidi kinachobaki mkononi mwako.

Nilikuwa Dada (Sinza)

Shikamoo, mzee wangu. Swali la wakati nitalifikia, lakini hilo la kula na kulala siwezi kuliruka. Nilifanya kazi za ndani katika nyumba tatu za jiji hili kabla sijapata cherehani yangu, kwa hiyo nakizungumzia chakula ninachokijua. Nilipika nyama nikala mchuzi, nilipika wali nikala ukoko, na nyumba hizo hazikuwa na njaa. Kuhusu kulala, nililala chumba cha watoto, godoro chini, ili mtoto akishtuka saa nane usiku mama yake asiamke, kwa kuwa kesho ana kazi. Kesho yangu mimi ilianza saa kumi na moja alfajiri. Sheria ya kazi inauhesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na anayefanya kazi katika saa hizo huongezewa asilimia 5. Mimi niliambiwa kwamba usiku huohuo ni fadhila ninayofanyiwa. Naomba mzee atujibu: mtu anayelala ili amwamkie mtoto wako, amepewa malazi au yuko zamu?

Mzee wa Temboni

Marahaba. Mimi sikutaja ukoko, umeutaja wewe. Nyumbani kwangu sufuria ni moja, na dada hujipakulia mwenyewe kwa kuwa ndiye mpishi. Mara nyingi mimi ndiye ninayekuta minofu imeshakwenda. Usinibebeshe nyumba tatu ambazo sikuzijenga. Kama ulidhulumiwa, pole sana, lakini mama wa Segerea hakukupa ukoko.

Karani Mstaafu (Buguruni)

Mnajadili kwa hisia jambo ambalo serikali ilikwisha kulimaliza. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa ndani ni 80,000. Nakumbuka vizuri, kwa sababu tangazo lake lilibandikwa ofisini kwetu na mimi ndiye niliyeshika gundi. Mama analipa 80,000. Hakuna anachodaiwa, na chochote atakachoongeza ni hisani.

Msomaji wa Amri

Ndugu Karani, tangazo ulilolibandika ni la Julai 2013, na hata hilo halikusema hivyo. Shilingi 80,000 ilikuwa ya mfanyakazi wa ndani asiyelala kwa mwajiri. Anayelala humo aliwekewa 40,000. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 ilipandisha viwango hivyo hadi 120,000 kwa asiyelala na 60,000 kwa anayelala, huku wanaofanya kazi kwa wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa wakiwekewa 250,000.

Naomba wote muitazame tofauti hiyo ya 120,000 na 60,000 kabla hamjaendelea kubishania sufuria. Aliyeandika amri amekwisha kukata nusu nzima ya mshahara kwa sababu ya kitanda na sahani. Mwajiri anayesema "lakini anakula kwangu" wakati wa kujadili nyongeza anakikata chakula kilekile kwa mara ya pili. Isitoshe, nusu hiyo ni sawa na shilingi 2,000 kwa siku, na anayedhani dada anakula kupita kiasi hicho aende kwa mama ntilie aone 2,000 inampa nini asubuhi, mchana na jioni.

Kuhusu wakati, liko jambo moja ambalo wadada wengi hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlindi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Anayeomba nyongeza katika mwezi wa tatu anaweza kuambiwa afungashe, akabaki na madai ya notisi ya siku 28 tu. Akishavuka miezi sita, anayemfukuza kwa kuwa ameomba nyongeza anaweza kuitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mradi malalamiko yapelekwe ndani ya siku 30. Dada wa Segerea amevuka zamani. Hajavizia mtu.

Karani Mstaafu (Buguruni)

Nilikuwa kazini kabla wengine hamjajua kushika kalamu, na sikuja hapa kusahihishiwa mtihani. Kama kiwango cha anayelala ndani katika amri hiyo ya 2023 ni 60,000, basi mama anakizidisha kwa 20,000 kila mwezi, na hoja yangu imepata nguvu zaidi. Na hilo neno "gundi" mbona limekuwasha?

Msomaji wa Amri

Mimi sikulitaja hata mara moja. Soma tena, mzee wangu.

Mama Mapacha (Mbezi Beach)

Hakuna aliyemjibu mwenzetu, kwa hiyo nijaribu. Kungoja Januari ni hesabu ya waajiri, na kwa mfanyakazi haina maana yoyote, kwa sababu kazi za nyumbani hazipandi kwa kalenda. Hupanda siku mtoto anapozaliwa, siku mkwe mgonjwa anapoletwa kutoka kijijini kutibiwa Muhimbili akakaa hadi mvua za masika zikaisha, siku baba anapoanzisha ufugaji wa kuku uani na banda likawa la dada, siku mtoto mkubwa anapoanza shule na kiamshakinywa kikasogea hadi saa kumi na moja. Kila moja ya siku hizo ni mkataba mpya ambao hakuna aliyeuzungumza. Kwa maoni yangu wakati sahihi wa kuomba ni wiki hiyohiyo kazi inapobadilika, na kwa huyu dada ilikuwa siku mlipotoka hospitali na kichanga. Tatizo ni kwamba siku hiyo angeomba, sote tungemwita mkatili: mama ana mshono, nyumba imejaa wageni na uji wa pilipili manga, naye anazungumza pesa! Akingoja mama apone, tunasema amevizia. Nionyesheni basi juma ambalo lingempendeza kila mtu.

Mimi mapacha wangu walipozaliwa nilimwita dada mwenyewe kabla hajaniita, nikamtajia kiasi. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilijua kwamba wadada hawa wa Iringa hawaombi nyongeza. Huaga kwamba wanakwenda msibani, ukashtukia hata kandambili zimeondoka.

Mnyalukolo wa Mbagala

Mama Mapacha, umeandika aya nzuri kisha ukaimwagia maji. Kwa nini iwe "hawa wa Iringa"? Mimi ni wa Kilolo, hukohuko Iringa, dada zangu wawili wamelea watoto wa Dar es Salaam hadi wakaingia sekondari, na hakuna aliyeondoka na kandambili wala na kijiko. Kama wasichana wa kwetu wanasifiwa kwa uchapakazi wakati wa kutafutwa na dalali, wasigeuzwe watoro wakati wa kudai chao. Tena mtu anayesingizia msiba amekwisha kujaribu njia nyingine. Alidokeza kwamba bei ya nauli imepanda, ukasema "Mungu atajalia." Alidokeza kwamba rafiki yake wa Tabata analipwa zaidi, ukamuuliza kama anataka kwenda huko.

Mama Mapacha (Mbezi Beach)

Niliisema Iringa kwa kuwa niliyemwajiri alitoka huko. Angetoka Singida ningesema Singida. Ninyi Wanyalukolo mnapenda kesi.

Mnyalukolo wa Mbagala

Ungesema Singida, wa Singida angekujibu kwa ukali zaidi.

Mjomba wa Kigamboni

Nimesoma yote, na nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza kama hiyo 80,000 inafika mkononi mwa dada. Nyumba nyingi ninazozijua, mama mwenye nyumba "humtunzia" binti mshahara ili asiuchezee, na akitaka 10,000 ya kumtumia mama yake anaeleza shida kana kwamba anakopa. Mwajiri anayeshika mshahara wa miezi kadhaa ndiye anayechagua wakati wa nyongeza, kwa sababu mfanyakazi anaogopa kwamba akimuudhi hata zile za nyuma hazitatoka. Kabla ya kuuliza aombe lini, ulizeni fedha zake ziko wapi.

Mama Wawili (Segerea)

Mjomba, ninamtumia kwenye simu yake tarehe 28 ya kila mwezi, na ujumbe wa kuthibitisha ninao. Nilikuja na swali moja la wakati, sasa nimehojiwa chakula, chumba, sufuria na benki. Dada halali na watoto. Ana chumba chake, ingawa ni kweli kwamba kichanga kimeanza kulazwa humo ili nizoee. Wala sijampa mtu ukoko.

Nilikuwa Dada (Sinza)

"Kimeanza kulazwa humo." Mdogo wangu, hapo umelijibu swali lako mwenyewe. Wiki kichanga kilipohamia chumbani kwake ndiyo wiki aliyokuja sebuleni.

Mzee wa Temboni

Hata kama. Kutoka 80,000 hadi 130,000 kwa mkupuo mmoja si ombi, ni tangazo. Serikali yenyewe ilichukua tangu 2013 hadi 2023 kumtoa anayelala ndani kwenye 40,000 hadi 60,000, ninyi mnataka mama wa Segerea apandishe 50,000 kati ya Alhamisi na Jumatatu.

Msomaji wa Amri

Mzee wangu, umeisoma amri kumbe.

Mzee wa Temboni

Nimekusoma wewe.

Mama Wawili (Segerea)

Tumezungumza leo, baba watoto akiwapo. Nilimuuliza 130,000 ameipataje, akanijibu bila kusita kwamba 80,000 ni ya mtoto mmoja na kazi za ndani, 30,000 ni ya mtoto wa pili, na 20,000 ni ya usiku. Sikuwa na la kuipinga hesabu hiyo isipokuwa mfuko. Tumekubaliana 110,000 kuanzia mwezi huu, kichanga kinarudi chumbani kwetu, na Jumapili ni yake kuanzia asubuhi hadi jioni, jambo ambalo tangu mwanzo lilikuwa katika mapatano yetu lakini wageni walikuwa wakilimeza. Tutaliandika karatasini na kila mmoja atabaki na nakala. Suala la kumwandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tumelipeleka Januari, kwa kuwa mchango wa asilimia 20 ya mshahara, hata tukigawana nusu kwa nusu, unahitaji mimi nijipange.

Jirani wa Segerea Mwisho

Hongera, lakini tufikirieni na sisi majirani. Wadada wa mtaa huu hukutana dukani kwa Mangi kila jioni wakinunua mkaa na vitunguu, na hiyo 110,000 itakuwa imefika kwangu kabla ya adhana ya magharibi. Mimi nalipa 70,000, mtoto wangu ni mmoja na silazi mtu naye. Wa kwangu akiniuliza nimjibu nini?

Nilikuwa Dada (Sinza)

Mweleze hivyohivyo ulivyotueleza: mtoto ni mmoja na usiku ni wa kwake. Anaweza kukubali. Ila umwambie leo, kabla hajatoka kwenda kununua mkaa.

Karani Mstaafu (Buguruni)

Na hiyo 70,000 iko juu ya ile 60,000 ya amri ya 2023, mtu asije akasema sikusema.