Mume wangu anataka mtoto aitwe Halvard. Nani anajua asili ya jina hili?

Mama wa Shangani
Habari zenu wanajamvi. Leo ni siku ya nne tangu nijifungue, mtoto wa kiume, baada ya mabinti wawili. Tupo nyumbani Shangani, Mtwara, na furaha ipo, ila nyumba imegawanyika kwa sababu ya jina.

Mume wangu ni baharia. Mwaka 2013, wakati wa uchimbaji wa visima vya gesi, alikuwa kwenye boti inayopeleka mizigo kwa meli ya kuchimba huko kilindini. Usiku mmoja bahari imechafuka, wanapakua, kamba ikakatika. Mnorwei aliyekuwa nyuma yake alimkamata ukosi wa jaketi akamwangusha chini. Kamba ikapita juu ya vichwa vyao, ikapiga chuma cha ukingo wa boti, chuma kikapinda. Mume wangu akisimulia hukunja mkono kuonyesha jinsi kilivyopinda, na kila mara anaukunja vilevile. Yule Mnorwei aliitwa Halvard. Wakiwa bado wamelala kwenye sitaha mume wangu alimwambia: nikijaliwa mtoto wa kiume, atakuwa somo yako.

Mimi ahadi hiyo nimeikuta, nilikuwa sijaolewa. Naiheshimu.

Mama mkwe wangu, mtu wa Newala, hataki kulisikia. Anasema mtoto hapewi jina ambalo aliyempa hajui amemwita nani. Anaogopa lisije likawa jina la mzimu au mungu wao wa kale, na sisi ni Waislamu. Sikuweza kumjibu kwa sababu hata mimi sijui. Mume wangu naye anachojua ni mtu tu, jina halijui.

Akika ni siku ya saba. Naombeni mnisaidie: jina hili maana yake nini, limetoka wapi, na huko kwao watu wanalipenda au limeshapitwa? Na mdomo wa Kimakonde utaliweza?

Mkorosho
Hongera sana dada, Mungu amkuze. Ushauri wangu ni mfupi: mpe jina la babu yake mzaa baba, nyumba itulie. Ahadi ya baharini inaweza kulipwa kwa njia nyingine. Mama mkwe ukishamkosesha raha ndani ya arobaini, utalibeba hilo miaka.

Mwalimu wa Lindi
Mama wa Shangani, hongera, na umpe bibi wa mtoto shikamoo yangu. Swali lake ni la mtu mwenye akili, usilichukulie kama ukorofi. Nilisoma Oslo miaka miwili kabla ya kurudi hapa Lindi kufundisha, na jina hili nililikanyaga kwa miguu kabla sijalisikia kwa masikio. Nitaeleza.

Tuanze na maana. Ni jina la Norse, yaani lugha ya kale ya watu wa kaskazini, wale Waviking. Majina yao mengi yameunganishwa kwa vipande viwili. Hapa kipande cha kwanza ni *hallr*, mwamba au jiwe bapa. Cha pili ni *varðr*, mlinzi. Kwa hiyo ni mlinzi wa mwamba, au mlinzi imara kama mwamba. Ile herufi ngeni unayoiona pale mwishoni inasomwa "dh", dh ya dhahabu. Wanorwei wenyewe wameshaipoteza: wanaandika d na mara nyingi hawaitamki, utasikia kama "Halvar". Waisilandi bado wanayo, wao husema Hallvarður. Na sisi tunayo. Bibi akisema "Halivadhi" atakuwa karibu na wazee wa kale kuliko watu wa Oslo wa leo.

Sasa hofu ya mungu. Hapa bibi amegusa jambo la kweli, maana majina mengi ya huko yamebeba mungu wao wa radi, Thor. Torbjørn ni Thor na dubu. Torstein ni Thor na jiwe. Hata Halldor, ambalo linafanana sana na la mwanao, kipande chake cha pili ni huyohuyo Thor. Lingekuwa ndilo hilo alilochagua mume wako, ningesema mlitafakari. Lakini Halvard lina mwamba na lina mlinzi, basi. Halina mungu ndani yake. Mwambieni hivyo bila wasiwasi.

Nisifiche upande wa pili: Wakristo wa huko walikuwa na mtakatifu wa jina hili, Hallvard, anayehesabiwa mlinzi wa mji wa Oslo. Ndipo nilipolikanyaga. Mifuniko ya chuma ya mashimo ya maji taka kwenye barabara za Oslo imechorwa muhuri wa mji: mtu ameketi, ameshika jiwe la kusagia na mishale mitatu, na miguuni pake kuna mwanamke. Nilipita juu yake wiki nzima nikienda darasani, theluji ikiyeyuka ndani ya michoro, mpaka siku moja nikainama nikamuuliza mwenzangu huyu ni nani.

Akanisimulia. Hallvard alikuwa kijana wa sehemu za Lier, karibu na mji wa Drammen. Mwaka 1043 alikuwa anaanza safari na mashua yake ndogo, akatokea mwanamke mjamzito anakimbia, anaomba apandishwe. Wanaume watatu wanamfukuza, wanasema ni mwizi. Hallvard akampandisha akasukuma mashua. Walipofikiwa akasema: sema alichoiba, nitalipa mimi. Hawakutaka. Wakampiga mishale akafa, wakamuua na yule mama. Kisha wakamfunga jiwe la kusagia shingoni wakamtosa kwenye maji, na maiti ikaelea pamoja na jiwe lake. Tarehe 15 Mei ndiyo siku yake pale Oslo mpaka leo.

Sikuombi umpe mtoto mtakatifu wa dini nyingine. Jina lilikuwepo kabla ya huyo kijana, yeye alilirithi kama wengine. Lakini angalia hadithi yenyewe, kisha angalia ya mume wako. Zote mbili zipo ndani ya chombo, zote mbili kuna aliyenyoosha mkono bila kuuliza huyu ni wa kwetu au si wa kwetu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kwa sababu hiyo.

Kuhusu kupendwa: si jina la kila nyumba. Niliowakuta nalo ni watu wazima, na umbo linalosikika zaidi ni Halvor, hasa mkoa wa Telemark, ambako mashamba yamekuwa yakirithiwa pamoja na majina ya mababu. Norwei ilikuwa chini ya Denmark mpaka 1814, na mijini majina ya Biblia na ya Kidenishi yakatawala. Karne ya 19, walipoanza kujitafuta kama taifa, wakayarudisha ya mababu. Walipojitenga na Sweden mwaka 1905 wakamchukua mwana wa mfalme wa Denmark aitwaye Carl awe mfalme wao, naye akajiita Haakon, jina la wafalme wa kale, na mwanawe Alexander akawa Olav. Uone walivyolipa jina uzito. Mwenye jina hili aliyejulikana sana karibuni ni Halvard Hanevold, mshindani wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Nagano 1998. Alifariki 2019.

Na watoto wa kiume wa Norwei siku hizi? Noah na Jakob ni kati ya yanayopendwa sana. Nuhu na Yakubu. Wanorwei wanawapa watoto wao majina yetu ya msikitini, dada.

Mama wa Shangani
Mwalimu, nimekusoma huku namnyonyesha, nikasimama pale kwenye mashua. Nimemsomea mume wangu. Hakusema kitu, alitoka nje akakaa barazani.

Mama mkwe bado sijamwambia. Nataka kwanza nijue hili la ulimi. Kwetu watu wanagawa konsonanti zikikaa pamoja, atakuwa Halivadi au Haluvadi. Na kwenye cheti cha kuzaliwa niandikeje?

Baharia Mstaafu, Mikindani
Binti yangu, andika Halvard kama mwenyewe alivyojiandika, mdomoni watu wataita wanavyoweza. Mimi jina langu lina herufi ambazo bibi yangu hakuwahi kuzitamka hata siku moja, na nilikuwa naitika.

Nikwambie kitu cha kumwambia mama mkwe. Kampuni ile ya Kinorwei, zamani Statoil, sasa Equinor, ilipopata gesi kule kwenye kitalu namba 2, mbele ya Lindi, chini ya zaidi ya mita 2,000 za maji, visima iliviita kwa Kiswahili. Zafarani ndicho kilianza, 2012. Kisha Lavani, Tangawizi, Mronge, Piri, Giligiliani. Ni majina ya jikoni kwake huyo mama. Wao walichukua majina yetu wakayapeleka kilindini kwa heshima, na mume wako analeta moja lao nyumbani.

Halafu sisi watu wa kusini tunajua mtu hakai na jina moja peke yake. Mtoto anazaliwa na moja, anarudi jandoni na jingine, na lile la utotoni ukimwita nalo anaweza kukasirika. Huyu naye ana nafasi ya kuwa na mawili tangu mwanzo. Bibi achague la kwanza, la akika. La pili ni la ahadi.

Mkorosho
Mzee wa Mikindani ameniwahi. Nabadilisha ushauri wangu, dada. Sikujua kama jina lina mlinzi ndani yake.

Mama wa Shangani
Nawarudishia majibu, leo ni siku ya saba.

Jana jioni mama alikuwa anachambua choroko kwenye ungo, nikakaa chini pembeni yake. Nilianza na visima. Zafarani akaijua, giligiliani akaijua, kwenye mronge akasimamisha ungo akauliza, "Mronge huu huu wa uani?" Nikamwambia huohuo. Nikaendelea na mwamba na mlinzi, nikamweleza kwamba halina mungu wa mtu. Kisha nikamsimulia yule mama mjamzito aliyeomba kupanda mashua. Hapo aliweka ungo chini kabisa. Aliuliza kama mtoto wa yule mama alipona. Nikamwambia hapana, waliuawa wote.

Alinyamaza muda mrefu. Mume wangu alikuwa mlangoni. Mama akamwita, akamwambia amsimulie huyo Halvard ni nani kwake, maana miaka yote hii mume wangu alikuwa amemficha ile habari ya kamba asimtie hofu. Alikuwa hajui! Mume wangu akasimulia, akafika kwenye chuma, akakunja mkono. Mama akaushika ule mkono uliokunjwa, akaunyoosha taratibu.

Leo asubuhi ametoa jina la kwanza yeye mwenyewe, Hamza, la marehemu kaka yake. Halafu akamnyanyua mtoto, akamsogeza sikioni, akasema "Halivadi" mara mbili, ya pili kwa dh. Mwalimu, sikumfundisha mimi, nadhani mume wangu amemsomea ujumbe wako.

Mbuzi yupo uani. Mume wangu ametafuta namba ya Halvard kwenye simu yake ya zamani, ametuma picha ya mtoto, na tunasubiri kama bado ipo hewani.