Hili joto ni la jua au ni la kwetu wenyewe? Watu wa Tabora na Kigoma njooni

Bani_Kavu: Wakuu salama? Mwezi wa kumi huu hapa Urambo usiku mtu unalala dirisha wazi na shuka unalipiga teke. Kila mkutano wa kijiji akija mgeni anaanza na sisi wakulima wa tumbaku, oh mnamaliza kuni, oh mabani yenu ya kukaushia majani kwa moto yanaharibu tabianchi. Swali langu moja tu, anayeleta joto si jua? Jua lina vipindi vyake linapanda linashuka, mkulima anahusikaje? Leteni hoja, matusi hapana.

TichaIsevya: Vipindi vipo, kila miaka kama 11 hivi madoa ya jua yanaongezeka halafu yanapungua. Ila tofauti ya kilele na chini ni kama asilimia 0.1 tu ya nguvu inayotufikia, ambayo ni wati 1,361 hivi kwa mita ya mraba huko juu kabla haijagusa hewa. Na toka satelaiti zianze kupima mwishoni mwa miaka ya 70 jua halijaongezeka, dunia ndo imepanda joto. Halafu mkuu umejikaanga mwenyewe, unasema usiku ndo hulali, sasa usiku jua linakuwa wapi? Kaboni daioksaidi ndo inazuia joto lisitoke, ni blanketi. Kabla ya viwanda ilikuwa kama chembe 280 kwenye kila chembe milioni za hewa, leo imevuka 420. Ingekuwa jua, hewa ingepata moto mpaka juu kabisa, lakini ya juu kule stratosfia inapoa.

Toboa_Toboa: Ticha unatuletea stratosfia watu hatujala 😂 jua limesogea bwana, Julai ya zamani Tabora sweta mpaka saa nne asubuhi

TichaIsevya: Julai ndo dunia iko MBALI na jua, kilomita milioni 152. Karibu ni mwanzoni mwa Januari, milioni 147. Ni kila mwaka, toka enzi za babu yako. Mwezi wa kumi jua linatupita utosini, mvua haijafika, wingu hakuna, unategemea nini?

Kibirizi_Kwetu: Mnabishana ya angani, njooni Kigoma muone Ziwa Tanganyika. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi yanakaa huko huko juu, na rutuba inayolisha vijidudu wanaoliwa na dagaa iko chini, ziwa lenyewe kina mita zaidi ya 1,400, upepo wa kusini wa kiangazi ndo unasaidia kukoroga. Joto likizidi haukorogi vizuri. Watafiti waliandika toka 2003. Mwaka 2024 serikali ikafunga ziwa 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike, vipe, mitumbwi yetu ya dagaa, vikalala ufukweni na sisi tukalala njaa. Nyie Tabora mnachoma miombo yote kukausha majani ya kuvuta halafu mnasingizia jua.

MamaAsali_Sikonge: Mwanangu kabla hujatusema sisi, hao dagaa mnaotuletea siku hizi mbona mchanga mtupu? Nimechukua kisado sokoni nimeosha maji matatu na bado meno yanasaga. Mnatuuzia dagaa au mnatuuzia ufukwe?

Kibirizi_Kwetu: Shikamoo mama, ila hapo umenigusa pabaya. Sisi tunaanika kwenye vichanja vya wavu, jua likiwaka vizuri wakitoka asubuhi jioni wameshakauka, ukiwashika wanalia. Hao wako wamechanganywa na wa Victoria, mbane aliyekuuzia.

MamaAsali_Sikonge: Marahaba. Wamekuja na treni ya Kigoma, na dagaa wa Kigoma nawajua toka sijaolewa.

Toboa_Toboa: Mtani umepatikana 😂😂😂

Muha_Asilia: Wanyamwezi kwa kuhamisha mada! Kwanza asali yenu yenyewe nusu sukari, nani hajui?

MamaAsali_Sikonge: Asali yangu usiitie kwenye mdomo wako. Mzinga wangu uko kwenye mninga porini, njoo ulambe mbele ya nyuki uone.

Bani_Kavu: Wakuu mada ni JUA. Ticha hujanijibu kuhusu mabani.

TichaIsevya: Kwa dunia nzima moshi wa Urambo ni kidogo sana, wenye deni kubwa ni wa makaa ya mawe na mafuta. Na mti ukikata mwingine ukaota, ile kaboni inarudi mtini. Shida mnakata hampandi, ardhi inabaki uchi, mvuke uliokuwa unatoka kwenye majani na kupoza hewa unakosekana. Hilo joto la hapo hapo ni la kwenu.

Bani_Kavu: Hampandi? Nani kakwambia sipandi? Nina mikaratusi ekari mbili nyuma ya nyumba, we Ticha una mti gani hapo Isevya zaidi ya ule mwembe uliopandwa na wengine?

Muha_Asilia: Mikaratusi inanyonya maji, kisima cha jirani yako kikikauka utasema jua tena

Bani_Kavu: Na nyie Kigoma mlivyokuwa mnawasha taa kwa majenereta ya dizeli miaka yote ule moshi ulienda wapi? Congo?

Toboa_Toboa: Aise swali zuri, mimi pia nataka kujua kama jua kali linakausha mbona ziwa lilijaa mpaka likaingia majumbani kwa watu

TichaIsevya: Hewa ikipata joto inabeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii, ikija kuumwaga inaumwaga wote.

Kibirizi_Kwetu: Mama Asali bado sijamalizana na wewe. Wiki hii ni giza, mwezi hakuna, tunaingia ziwani kuvua. Nitakutumia debe moja kwa treni, ukikuta punje ya mchanga usilipe.

MamaAsali_Sikonge: Napepeta kwenye ungo kwanza, mbele ya majirani. Hela baadaye. Na usije ukaniletea na vya kuvunjikavunjika.