Naomba ushauri: nyimbo za taratibu za miaka ya 1980 zilizosahaulika, kwa karamu ya ndoa ya wazazi

Muulizaji
Wakuu, salaam. Wazazi wangu walifunga ndoa mwaka 1986, na sisi watoto tunawaandalia chakula cha jioni nyumbani kuadhimisha siku hiyo. Mimi nimekabidhiwa muziki. Baba alikuwa dereva wa malori kati ya Dar es Salaam na Lusaka, na kanda alizorudi nazo, za pop na rock ya taratibu kutoka Ulaya na Marekani, ndizo tulizokulia. Tatizo ni kwamba kila orodha ninayoikuta inarudia nyimbo zilezile ambazo redio zimezipiga mpaka zimechuja. Natafuta nzuri zilizosahaulika, ila nahofia wageni watachoka wakisikia nyimbo ngeni usiku kucha. Mngeanzia wapi?

MpendaKanda
Mkuu, hongereni kwa kuwaenzi wazazi wangali hai. Anza na matoleo ya mwanzo ya nyimbo ambazo wageni wanazijua kwa sauti za wengine. "The Power of Love" wengi hudhani ni ya Celine Dion, ilhali mwimbaji wa kwanza na mmoja wa watunzi wake ni Jennifer Rush, Mmarekani aliyekuwa akirekodi Ujerumani. Mwaka 1985 iliongoza chati ya Uingereza kwa wiki 5, na kwao Marekani ikaishia nafasi ya 57. "Alone" iliyoipa sifa bendi ya Heart mwaka 1987 ilikuwa imesharekodiwa mwaka 1983 na i-Ten, yaani watunzi wenyewe, Billy Steinberg na Tom Kelly. Hapo mgeni ataitambua tuni, kisha atageuka kuuliza ni nani anayeimba.

KinandaChaUsiku
Kwa heshima, natofautiana na mchangiaji aliyetangulia, kwa sababu tuni iliyochosha haiponi kwa kubadilishiwa mwimbaji. Mimi ningeanza na kundi la The Blue Nile kutoka Glasgow, Uskoti, katika albamu yao ya Hats ya mwaka 1989. Sikiliza "The Downtown Lights": vinanda vya umeme vinajengeka polepole, na Paul Buchanan anaimba kama mtu anayechelea kuwaamsha majirani, hadi karibu na mwisho anapoiachia sauti yote, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini sisi wachache tunaoipenda hatuchoki kuisema. Ongeza "When Love Breaks Down" ya kundi la Prefab Sprout. Albamu yao ya mwaka 1985 ilisimamiwa na Thomas Dolby, ambaye kabla ya hapo alipiga vinanda katika "Waiting for a Girl Like You" ya Foreigner, ule wimbo uliokaa wiki 10 nafasi ya pili Marekani bila kufika kileleni.

MamaWaWawili
Ndugu zangu, tukumbuke kwamba hii ni karamu ya ndoa. "When Love Breaks Down" unahusu penzi linalokufa, na nyingi za zama zile ni za kuachwa. Yasome maneno kabla ya kuchagua. Kwa baba aliyekuwa safarini, ningeweka "Faithfully" ya bendi ya Journey ya mwaka 1983, ambayo mpiga kinanda wao Jonathan Cain aliitunga kuhusu mwanamuziki aliye mbali na mkewe: inaanza kwa piano peke yake, na mwishoni Steve Perry anaacha maneno, sauti yake ikipokezana na gitaa. "This Woman's Work" ya Kate Bush ni nzuri mno, lakini ni ya mume anayesubiri huku mkewe akiwa katika uzazi mgumu, kwa hiyo uwe mwangalifu. Pia hakikisha unapakua rekodi za awali, kwani mikusanyo mingi ya bei nafuu ina nyimbo zilizorekodiwa upya na ladha yake haipo.

Muulizaji
Nawashukuru nyote. Jennifer Rush atapigwa wakati wa chakula, The Blue Nile wazee wakiwa kwenye mazungumzo, na "Faithfully" wakati wa kukata keki. Kuhusu Kate Bush nitamuuliza kwanza dada yangu mkubwa, kwa kuwa mama alimzaa kitinda mimba wetu kwa shida kubwa, na dada ndiye aliyekuwa naye hospitalini, baba akiwa njiani.